Sura ya Nne: Jicho la Siku ya Tatu

Mara nyingi huanza alfajiri. Mama aliyejifungua juzi anamwinua mtoto anyonye, na kwa mwanga wa taa ya sola anaona kope zimegandana. Analowesha ncha ya khanga, anafuta taratibu, kope zinaachia, na kinachochuruzika si tongotongo za usingizi. Ni usaha wa njano, mzito, unaojaa tena kabla hajamaliza kufuta jicho la pili. Kope zimevimba hadi mboni haionekani. Mtoto mwenyewe ananyonya vizuri, hana homa, halii kuliko jana. Kwa kuwa mengine yote yapo sawa, waliomzunguka mama wana jibu tayari: ni upepo wa ziwa huo, mayu, mkamulie maziwa kidogo, kesho litakuwa limepoa.

Sura hii inahusu kesho hiyo.

Tuanzie Bujora, iliyopo Kisesa, wilayani Magu, kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini ukishika barabara ya Musoma. Wageni hufika huko kwa ajili ya makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari wa shirika la White Fathers kutoka Kanada. Kuna banda la kifalme lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, kuna nyumba ya mhunzi, kuna nyumba ya mganga. Kila Juni ngoma za Bulabo huwakutanisha Bagika na Bagalu, pande mbili ambazo chimbuko lake ni Ngika na Gumha, waganga walioshindania nguvu ya dawa zao. Ninayataja haya kwa sababu kwa Wasukuma dawa ina historia ndefu na heshima kubwa, na mzazi wa hapa hakosi pa kukimbilia. Ana bibi ndani ya nyumba, mganga kijijini, duka la dawa kando ya barabara, na zahanati. Tatizo ni pa kuanzia. Akianza pale pasipofaa siku mbili zinakwisha, na wapo watoto ambao macho yao hayana siku mbili za kupoteza.

Ndani ya siku 28 za kwanza za maisha, macho kuwa mekundu yenye usaha ni dharura. Ningependa sentensi hiyo iandikwe kwenye ukuta wa kila wodi ya wazazi. Mtoto wa miaka mitatu akiamka na macho mekundu unaweza kusubiri kidogo ukaona mwelekeo wake. Mtoto wa siku tatu hasubiriwi. Machozi yake bado ni machache, kinga yake ni changa, na vimelea alivyokutana navyo si vile vya mwanafunzi aliyeambukizwa na mwenzake darasani. Kwa kawaida alivipata siku ile ile aliyozaliwa, alipokuwa akipita katika njia ya uzazi.

Siku ambayo usaha ulianza humwambia nesi mengi kabla hata hajamgusa mtoto. Kisonono hujitokeza mapema, kati ya siku ya pili na ya tano, kwa nguvu na kwa usaha mwingi. Klamidia huchelewa: huanza kati ya siku ya tano na ya kumi na nne, mara nyingi kwa majimaji yanayogeuka kuwa usaha, pengine jicho moja kwanza na la pili baadaye. Bakteria wengine wa kawaida, wanaotoka kwenye ngozi, mikono au vitambaa, wanaweza kuja wakati wowote, na kwa kawaida ni wapole zaidi. Yapo pia macho yanayowasha kidogo saa chache baada ya kupakwa dawa pale wodini, na hayo hutulia yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Malengelenge madogo kwenye kope au usoni ni habari nyingine kabisa. Yanaweza kuwa virusi vya hepesi, na mtoto huyo hapaswi kulala nyumbani hata usiku mmoja.

Hata hivyo mama hatakiwi kukaa akihesabu siku ili ajue ni kimelea gani. Kazi yake ni kukumbuka tarehe na kuisema. Ninaitilia mkazo kisonono kwa sababu moja: bakteria wake ni miongoni mwa wachache wanaoweza kupenya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hata kama kioo hicho hakikuwa na mkwaruzo wowote. Wanakitoboa. Kati ya usaha wa kwanza na tundu inaweza kupita siku moja au mbili. Jicho likishatoboka, dawa itaua bakteria lakini haitarudisha kioo, na kinachobaki ni kovu jeupe ambalo mtu atalibeba hadi uzee wake.

Ulaya ya karne ya 19 iliyajua makovu hayo vizuri. Ugonjwa huu ulikuwa miongoni mwa sababu kuu za upofu wa watoto huko. Mwaka 1880 daktari wa uzazi Carl Credé, katika mji wa Leipzig, Ujerumani, alianza kudondoshea tone la nitrati ya fedha katika macho ya watoto waliozaliwa kwenye hospitali yake. Kabla ya hapo, karibu mtoto mmoja kati ya kumi pale alikuwa akiugua macho. Baada ya hapo waliougua hawakufika hata mmoja katika mia. Dawa yenyewe ilikuwa inawasha, lakini ilidumu kwa takribani miaka mia moja.

Waliokuja kuitafutia mbadala bora walifanya kazi hiyo Afrika Mashariki. Jijini Nairobi, katikati ya miaka ya 1980, watafiti wakiwemo Marie Laga, Herbert Nsanze na Francis Plummer waliwachunguza watoto wachanga wakati ambapo kinga ya macho haikuwa ikitolewa. Katika kila watoto 100 waliozaliwa hai, 23 waliugua macho. Kati ya hao 23, kisonono kilihusika kwa watoto wasiopungua watatu, na klamidia kwa wanane. Takwimu hizo zinafaa kusomwa mara mbili. Zinaonyesha ukubwa wa tatizo, na pia zinaonyesha kwamba karibu nusu ya macho yaliyougua hayakuwa na uhusiano na maradhi ya zinaa. Usaha peke yake haumhukumu mtu.

Mwaka 1988 kundi hilo lilichapisha matokeo ya watoto 2,732. Mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1, yakipakwa mara tu mtoto anapozaliwa, yalipunguza kisonono cha macho kwa asilimia 93 kwa watoto waliokuwa wamekutana na ugonjwa, na hayakuwasha kama nitrati. Miaka saba baadaye, huko Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, Sherwin Isenberg na wenzake walijaribu matone ya iodini ya asilimia 2.5 katika utafiti wa zaidi ya watoto 3,000 na kuona yanafaa vilevile, kwa bei ndogo. Kwa hiyo tyubu ndogo ya mafuta ya njano anayoifungua mkunga wa Kisesa au Magu ndani ya saa ya kwanza ya uhai wa mtoto ina mizizi yake katika wodi za jirani zetu. Miongozo ya Tanzania inataka kila mtoto aipate, kwenye macho yote mawili, hata kama mama hana dalili yoyote, hata kama amejifungua kwa upasuaji.

Wanaoikosa ni wale wale siku zote: waliozaliwa nyumbani, waliozaliwa njiani, na waliozaliwa usiku ambao tyubu ilikuwa imeisha. Na hata kwa walioipata, kinga hiyo si kamili, hasa kwa klamidia. Kwa hiyo mama asiseme, "Alipakwa dawa, hawezi kuugua." Anaweza.

Sasa tumfuate mtoto wetu hadi zahanati, maana hapo ndipo kupona kunapoanzia.

Nesi mzoefu hafungui kope hizo uso kwa uso. Anavaa glavu, anageuza uso wake pembeni kidogo, kwa kuwa usaha uliobanwa chini ya kope unaweza kuruka na kumpata machoni mwake. Anachukua pamba iliyoloweshwa maji ya chumvi safi, anaanza pembe ya jicho iliyo karibu na pua, anavuta kuelekea sikioni mara moja, na pamba hiyo inatupwa. Pamba mpya, mvuto mwingine, inatupwa. Jicho la pili lina pamba zake. Kope zikishalainika anazifungua kwa vidole viwili na kuangalia jambo moja: je, kioo kinang'aa? Kikiwa angavu, jicho linaweza kuokolewa lote. Kikiwa na ukungu, doa jeupe au kidonda, mtoto anapewa dawa palepale na safari ya hospitali inaanza siku hiyo hiyo. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, mwisho wa ngazi hiyo ni Hospitali ya Rufaa ya Bugando, jijini Mwanza.

Dawa yenyewe ni sindano moja. Kwa jicho lililovimba lenye usaha mwingi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataja seftriaksoni, miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, mara moja tu, na kipimo kisizidi miligramu 150. Mtoto wa kilo tatu anafika kwenye ukomo huo barabara. Nesi atauliza kama mtoto amekuwa wa manjano, au kama alizaliwa kabla ya siku zake, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumzidishia mtoto madhara ya manjano, na hapo atachagua nyingine. Klamidia inatibiwa kwa azithromaisini ya maji, kwa mdomo, mara moja kwa siku kwa siku tatu. Wale waliowahi kuishi Kongwa au sehemu nyingine zenye ugonjwa wa vikope wataitambua dawa hiyo, ndiyo inayogawiwa vijijini kupambana na trakoma, na vimelea vya magonjwa haya mawili ni ndugu.

Mafuta ya macho pekee hayatoshi kutibu kisonono wala klamidia kwa mtoto mchanga. Hapa ndipo safari ya dukani inapoponza. Mzazi ananunua tyubu, anapaka, usaha unapungua, wote wanashukuru. Kumbe vimelea vya klamidia vimeshateremka kooni na mapafuni, na wiki kadhaa baadaye, mtoto akiwa na mwezi mmoja hadi mitatu, anaanza kikohozi kikavu cha mfululizo kisicho na homa, anapumua haraka, na hakuna anayekumbuka tena habari za macho. Kibaya zaidi ni matone yenye deksamethasoni ndani yake, ambayo baadhi ya watu huyapenda kwa sababu yanaondoa wekundu haraka. Wekundu unaondoka huku vimelea vikistawi kwa raha. Kwa mtoto mchanga matone hayo yasiguswe bila daktari wa macho.

Baada ya sindano, kazi kubwa inarudi kwa mama, na ninasema kwa moyo wote kwamba hii ndiyo sehemu isiyopewa heshima inayostahili. Usaha mwingi unatakiwa kuoshwa mara kwa mara, hata kila saa siku ya kwanza, hadi uache kujaa. Nyumbani, maji yachemshwe yatokote, yafunikwe, yaachwe yapoe katika chombo kile kile. Maji ya ziwa au ya kisima yasiyochemshwa hayafai kugusa jicho hili, hata yaonekane safi namna gani. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Pamba au kipande safi cha kitambaa kitumike mara moja, kutoka puani kwenda sikioni, kila jicho na chake. Kipande cha khanga kilichotumika kufuta jasho la mama au mdomo wa kaka yake mtoto kikae mbali.

Kama amepewa mafuta ya kupaka, mara nyingi ni mara nne kwa siku kwa siku tano. Mtoto alazwe chali, kope ya chini ivutwe kidogo kwa kidole, mstari mfupi wa mafuta uwekwe ndani ya mfuko huo mdogo, na mdomo wa tyubu usiguse jicho wala kope. Tyubu ni ya mtoto huyo peke yake, na mwezi mmoja baada ya kufunguliwa itupwe hata kama imebaki nusu. Mtoto atakodoa macho yenye ukungu wa mafuta kwa dakika chache. Hilo lisimtie mama hofu.

Kupona kunakwenda kwa hatua. Kwanza usaha hupungua, kwa kawaida ndani ya saa 24 baada ya sindano. Uvimbe wa kope hufuata, na ifikapo siku ya pili au ya tatu mtoto anafungua macho mwenyewe anaponyonya. Wekundu ndio wa mwisho kuondoka, unaweza kubaki takribani wiki, na si dalili kwamba dawa imeshindwa. Mtoto arudishwe kuangaliwa baada ya saa 48 hata kama anaonekana mzima, kwa sababu kioo cha jicho hakikaguliwi kwa mwanga wa jikoni. Asipoonyesha nafuu katika muda huo, au usaha ukirudi baada ya kukauka, arudi mara moja. Na zipo dalili ambazo zikionekana wakati wowote hazihusu tena jicho pekee: kukataa kunyonya, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, mwili kuwa wa baridi, degedege, kulegea, au kupumua mara 60 na zaidi kwa dakika. Hapo ni hospitali, usiku au mchana.

Turudi kwenye yale maziwa ya mama. Nadhani kuna haja ya kuwa waadilifu kwa bibi zetu, kwa kuwa wahudumu wengi huwakaripia kana kwamba wamemwagia mtoto sumu. Hawakumwaga sumu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto hospitalini unaruhusu hata kuosha macho yenye usaha mdogo kwa maji au kwa maziwa ya mama, kabla ya kupaka dawa. Maziwa mabichi kutoka kwenye titi safi yana kinga halisi ndani yake. Lakini hayafiki mapafuni, hayatoshi kuua kisonono kilichokwisha kuingia kwenye kioo, na yakikamuliwa kikombeni yakakaa, yanakuwa chakula cha bakteria wengine. Madhara yake makubwa ni ile siku moja inayopotea wakati familia inasubiri yafanye kazi. Bibi anayesema, "Mkamulie maziwa, kisha tumpeleke kwa nesi," hajakosea hata kidogo.

Siwezi kusema hivyo kuhusu majani yaliyotwangwa, maji ya tumbaku, mkojo, mate, chumvi kavu au unga wa mizizi. Allen Foster, daktari wa macho aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Hospitali ya Mvumi, Dodoma, alichapisha mwaka 1987, pamoja na Alfred Sommer, uchunguzi wa watoto wa Tanzania waliokuwa na vidonda vya konea. Surua na upungufu wa vitamini A vilikuwa miongoni mwa visababishi vikuu, na dawa za asili zilizotiwa machoni nazo zilikuwa katika orodha. Tangu wakati huo chanjo ya surua na matone ya vitamini A yamewaokoa watoto wengi. Leo chanjo ya surua na rubela hutolewa katika miezi 9 na 18, na vitamini A hutolewa Juni na Desemba kuanzia miezi sita. Uvumba wa mganga na ngoma yake vina nafasi yao katika maisha ya Usukumani, na Bujora inavihifadhi vizuri. Jicho la mtoto mchanga halina nafasi ya unga wa mizizi.

Lipo jambo ambalo nesi hulisema kwa sauti ya chini, akiangalia kadi ya kliniki badala ya uso wa mama: "Na baba yake naye aje." Wengi hawaji. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha ugonjwa mzima, na inauma kwamba kinafichwa.

Mwanamke mwenye kisonono au klamidia mara nyingi hana dalili. Hahisi maumivu, haoni uchafu wa ajabu, na klamidia inaweza kukaa kimya mwilini kwa zaidi ya mwaka. Kliniki ya wajawazito inampima virusi vya Ukimwi na kaswende, lakini vipimo vya maambukizi haya mawili si vya kawaida katika zahanati zetu. Kwa hiyo jicho la mtoto ndilo linalokuwa kipimo cha kwanza kwa wazazi wote wawili. Linasema kuna uwezekano wa maambukizi ndani ya nyumba. Halisemi yalianza na nani, wala lini, wala halitoi ruhusa ya kumpiga mtu au kumrudisha kwao. Mama asipotibiwa anaweza kuharibika mirija ya uzazi na kukosa mimba nyingine. Baba asipotibiwa atamrudishia mama ugonjwa wiki ile ile aliyomaliza dawa, na mtoto atakayefuata atapita njia ile ile.

Mkoa wa Mwanza unalijua hili kuliko sehemu nyingi duniani. Kati ya 1991 na 1994, Heiner Grosskurth na wenzake, wakiwemo watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na wa shirika la AMREF, walifanya jambo ambalo wataalamu wengi waliliona gumu. Walichukua jamii 12 za mkoa huu, za kando ya ziwa, za barabarani na za ndani. Katika sita, wahudumu wa vituo vya kawaida walifundishwa kutibu maradhi ya zinaa kwa kufuata dalili bila maabara, dawa zikahakikishwa kuwapo, na wagonjwa wakaombwa kuwaleta wenzi wao. Sita nyingine zilisubiri. Kwa miaka miwili walifuatilia takribani watu wazima 12,500. Maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yalikuwa asilimia 1.2 pale palipoboreshwa matibabu, na 1.9 pale palipokuwa panasubiri: tofauti ya karibu asilimia 40. Matokeo yalipotoka mwaka 1995 yalisomwa duniani kote. Waliotoa tiba hiyo hawakuwa mabingwa. Walikuwa wahudumu wa vituo kama vile vinavyowapokea watu wa Kisesa na Magu hadi leo.

Hivyo hoja kwamba wanaume wa kwetu hawawezi kuitikia wito wa kutibiwa pamoja na wake zao haina msingi. Katika jamii zile sita waliitwa, na takwimu zikabadilika. Kinachohitajika ni kuwaita kwa heshima, kuwapa dawa bila kuwapigia kelele kwenye foleni, na kuwaeleza kwamba wamekuja kwa ajili ya macho ya mtoto wao.

Kwa watoto wakubwa kidogo mambo ni mepesi zaidi, nitayapitia haraka. Mtoto ambaye jicho lake moja linatoa machozi na tongotongo kila siku, huku sehemu nyeupe ikiwa nyeupe na kope bila uvimbe, huenda mfereji wake wa machozi haujazibuka. Mama akandekande taratibu kwa kidole safi pembeni mwa pua, chini ya pembe ya jicho, akishuka kuelekea chini, mara kadhaa kwa siku. Mifereji tisa kati ya kumi hufunguka yenyewe kabla ya mwaka mmoja. Macho mekundu ya virusi, kama yale yaliyolikumba jiji la Dar es Salaam Januari 2024 na kuifanya Wizara ya Afya iwaonye watu wasijitibu kienyeji, hayana dawa ya kuyaua. Yanapoa yenyewe kwa wiki moja au mbili, na mtu mzima mwenye nayo asimbebe mtoto mchanga wala kulala naye shuka moja. Mama mwenye nayo aendelee kunyonyesha, ila anawe mikono kila mara kabla ya kumshika.

Mtoto aliyetibiwa vizuri hahitaji uangalizi wa ajabu. Akifikisha wiki sita hivi anapaswa kumkazia macho mama anayemsemesha, na baada ya hapo kufuata uso wake unapohama. Mama aangalie mboni zote mbili kwenye mwanga wa mchana: zote ziwe nyeusi, hakuna doa jeupe, hakuna jicho moja linalokwepa jua kuliko jingine. Akiona tofauti asisubiri siku ya chanjo. Na kikohozi kikija katika miezi mitatu ya kwanza, amwambie mhudumu kwamba mtoto aliwahi kuugua macho, kwa sababu hilo haliandikwi kila mara kwenye kadi.

Kwako mama unayekaribia kujifungua: uliza kabla ya uchungu kama tyubu ya dawa ya macho ipo kituoni, na mtoto akishazaliwa uliza tena kama amepakwa. Ukijifungulia nyumbani au njiani, mpeleke siku hiyo hiyo apakwe. Na wewe baba, ukiitwa kwa sababu macho ya mwanao yametoa usaha, nenda siku hiyo, kunywa dawa yako yote mbele ya mkeo, naye anywe yake mbele yako.